Vizibo Vinne

Jumatatu hiyo manyunyu ya Julai yalianza kabla ya alfajiri na hayakuwa na haraka ya kwenda popote. Inspekta Wavinya alifika kituoni saa mbili kasorobo, koti limelowa mabegani, akamkuta Mzee Caleb bado ameketi kwenye benchi la mapokezi, pale pale alipomwacha Jumapili jioni. Chupa ya chai ilikuwa katikati ya miguu yake. Watu wa reli wamezoea kungoja, lakini huyu alikuwa amengoja hadi macho yakawa mekundu.

"Madam, mtoto ameshakunywa chai?" aliuliza.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa na jina lake Adongo. Alikuwa ndani ya seli ya wanawake tangu Jumapili mchana, akishukiwa kumuua mwalimu wake wa hesabu. Wavinya alimwambia mzee kwamba chai itapelekwa. Mzee akayarudia maneno yake ya jana: kwamba Jumamosi alishinda nyumbani kwake Tassia, kwamba Adongo aliingia saa kumi na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, kwamba mtoto huyo hawezi kumdhuru mtu. Ana akili, alisema, na ana subira. Hata yeye, mzee wa kulaza mataruma ya reli, alifundishwa na bintiye ule mchezo wa vizibo mpaka akauweza. Halafu akaongeza kwa uchungu kwamba yule mwalimu alikuwa mtu wa kugeuza mambo katikati.

Wavinya aliandika yote. Shida ni kwamba Adongo alikuwa ameandikisha taarifa tofauti. Yeye alisema alifika nyumbani saa kumi, akakuta kufuli mlangoni, akafungua kwa ufunguo wake. Pembeni mwa ukurasa Wavinya aliandika: baba anadanganya ili kumwokoa. Hakushangaa wala hakukasirika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mezani kwake zilikuwa picha za Jumamosi. Marehemu Sylvance Opicho alifundisha hesabu katika shule za serikali miaka thelathini na mitano. Alipostaafu aliuza gari lake na kuigeuza gereji ya nyumba yake, Buruburu, kuwa darasa. Kila Jumamosi asubuhi vijana saba walikuja, bure. Hakuwafundisha kwa vitabu. Aliwapa mafumbo na michezo ya ubao wa drafti, ya njiti, ya vizibo vya soda, akawaacha wacheze mpaka waone siri iko wapi, kisha akawaambia waandike uthibitisho. Upande wa kushoto waliandika dai, upande wa kulia sababu, chini ya kichwa cha maneno mawili: Kwa nini? Mstari usio na sababu aliukata kwa kalamu nyekundu, hata kama ulikuwa wa kweli. Uthibitisho ukikamilika, mwanafunzi alichora kisanduku kidogo chini yake.

Jirani yake, mama mmoja aitwaye Clare, alimkuta saa kumi na moja na nusu jioni alipompelekea maziwa. Alikuwa chali sakafuni, kisogo kimegonga jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichobaki kwenye meza ya fundi tangu enzi za gari. Daktari alisema alisukumwa mara moja, kwa nguvu, baina ya saa tisa na saa kumi na moja. Clare alimwona Adongo akiingia saa nane na nusu, akasikia sauti zikipanda, kisha akaenda dukani. Hakumwona akitoka.

Adongo hakukana ugomvi. Mwalimu alikuwa amemtafutia nafasi ya chuo kikuu ng'ambo, karo imelipwa yote, na yeye alikwenda kumwambia kwamba haendi kwa sababu baba yake amekataa. Mwalimu akapandisha sauti, naye akapandisha. Saa tisa akaondoka. Hayo ndiyo aliyoandikisha, na hakuongeza neno.

Koplo Willis aliingia na karatasi ya mashtaka ambayo haijajazwa. Mkuu wa kituo alitaka ijazwe, maana sheria inataka mshukiwa afikishwe mahakamani, na gari lingeondoka saa nane mchana. Kosa lingekuwa mauaji.

"Madam, picha yenyewe inamtaja," Willis alisema, akaweka kidole juu yake.

Picha ilionyesha meza ya mchezo. Mwalimu alikuwa na desturi ambayo wanafunzi wake wote walieleza kwa namna moja. Vizibo viliwekwa fungu moja katikati. Mgeni ndiye aliyeanza, kwa sababu mgeni huheshimiwa. Kila mtu kwa zamu yake alichukua kimoja, viwili au vitatu, na atakayechukua cha mwisho ndiye mshindi. Vile alivyochukua alivipanga mbele yake kwa safu, zamu kwa zamu, kuanzia ukingo wa meza, ili mchezo ukiisha uweze kusomwa upya na kuandikiwa sababu. Upande wa mwalimu, pale koti lake lilipoangikwa kitini, zilikuwa safu tatu: kimoja, viwili, vitatu. Upande wa mgeni safu nne: viwili, vitatu, viwili, kimoja. Katikati vilibaki vinne. Jumla kumi na vinane.

Willis alikuwa amekesha Jumapili akijifunza mchezo huo kutoka kwa daftari la zamani la Adongo, na alijivuna kidogo. Alieleza kwamba siri yake ni nne. Ukimwachia mwenzako vizibo vinne, amekwisha. Akichukua kimoja wewe unachukua vitatu, akichukua viwili unachukua viwili, akichukua vitatu unachukua kilichobaki. Kwa hiyo ukimwachia vinane pia amekwisha, na kumi na viwili, na kumi na sita. Mgeni huyu aliacha kumi na sita, halafu kumi na viwili, halafu vinane, halafu vinne, bila kukosea hata mara moja. Nani Buruburu nzima angemfunga Mwalimu Opicho namna hiyo isipokuwa mwanafunzi wake bora?

Alama za vidole hazikusaidia. Kingo za kizibo zina meno, na kilichopatikana ni michirizi tu. Wavinya alizitia picha kwenye mkoba. Alibakiwa na saa sita, na jina moja ambalo hakuwa amelihoji.

Jina hilo lilikuwa Musyoka, mchinjaji wa Soko la Burma na bingwa wa drafti wa pale. Mwezi wa sita Mwalimu Opicho alikwenda kula nyama, akamkuta bingwa akitamba, akamwomba wacheze vizibo. Alimfunga mara sita mfululizo mbele ya wateja. Musyoka aliapa, kisu mkononi, kwamba akimwona tena atamtundika pamoja na mbuzi.

Burma asubuhi ya mvua ni mahali pa huzuni. Moshi ulikuwa umelala chini, na mizoga ilining'inia bila mnunuzi. Musyoka aliposikia habari za mwalimu alikuwa tayari anazijua, kama Eastlands nzima, na alionekana mnyonge kuliko alivyotarajiwa.

"Hiyo ilikuwa mdomo tu, madam," alisema. "Mtu akikunyorosha mbele ya customer, si lazima useme kitu?"

Kwamba Jumamosi alikuwa kwenye jiko la nyama tangu adhuhuri hadi usiku, watu wa sherehe moja ya kuzaliwa walithibitisha kwa video za simu. Wavinya alizitazama zote, mzee mnene akicheka na koleo mkononi. Lakini alikuwa amekuja kwa jambo lingine pia. Aliokota vizibo kumi na vinane kwenye kreti mlangoni, vikinuka mafuta, akavimimina kaunta na kumwambia Musyoka aanze.

Musyoka alichukua vitatu. Inspekta akachukua vitatu, akaacha kumi na viwili. Musyoka vitatu tena. Inspekta kimoja, akaacha vinane. Musyoka vitatu. Inspekta kimoja, akaacha vinne. Hapo mchinjaji akasita, akakuna kichwa, akachukua vitatu kwa mara ya nne, na Wavinya akachukua kile cha mwisho.

"Kwa nini kila mara vitatu?" aliuliza.

Musyoka alisema ukiwa na ruhusa ya kuchukua nyingi, utachukuaje kidogo. Huyo ndiye aliyekuwa Musyoka, na hakuwa mtu wa kuacha kumi na sita. Wavinya alitia vizibo vile mfukoni bila kufikiri, akafuta jina la pili, na daftari likabaki na moja. Moyo wake ulikuwa mzito. Hakuwa amekuja Burma kumtafuta Musyoka. Alikuja akitumaini kwamba muuaji hatakuwa Adongo.

Gereji ya marehemu ilikuwa na baridi ya saruji. Saa tano mmoja wa wanafunzi wengine aliyeitwa kwa simu, Kawsar, mwenye miaka kumi na saba, alikuja na shangazi yake kama taratibu zinavyotaka. Alisimama mlangoni na daftari lake kifuani na hakutaka kuitazama sakafu. Shangazi alimletea kiti na kukigeuza kuelekea ukutani.

Wavinya alimwonyesha picha ya meza peke yake. Hakumweleza lolote. Alimwomba tu asome mchezo.

Kawsar aliusoma kwa kidole, safu baada ya safu, midomo ikihesabu. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akauliza mgeni ni nani, maana hachezi vizuri.

"Hachezi vizuri?" Willis alisema. "Ameacha nne, nane, kumi na mbili, zote."

"Hiyo ilikuwa ya zamani," Kawsar alijibu. "Saturday asubuhi Mwalimu alichange. Sasa unaweza kuchukua hadi nne. Alisema tumezoea jibu, tumesahau swali."

Alifungua daftari. Ukurasa wa tarehe hiyo ulikuwa umejaa, dai kushoto, sababu kulia, na chini tiki nyekundu ya mwalimu, labda ya mwisho maishani mwake. Ukiruhusiwa kuchukua hadi vinne, aliandika Kawsar, siri si nne tena, ni tano. Ukiachiwa vitano umekwisha, kwa sababu chochote utakachochukua, mwenzako atachukua kile kinachobaki kutimiza tano. Kwa hiyo na kumi, na kumi na tano. Wanafunzi wote saba waliliandika hilo kabla ya kutoka saa sita mchana, na Adongo alimaliza wa kwanza.

Wavinya aliivuta picha karibu na dirisha. Tangu Jumamosi alikuwa ameutazama upande wa mgeni tu. Sasa alihesabu upande wa mwalimu. Mgeni alichukua viwili, vikabaki kumi na sita. Mwalimu akachukua kimoja, vikabaki kumi na tano. Mgeni vitatu, kumi na viwili. Mwalimu viwili, kumi. Mgeni viwili, vinane. Mwalimu vitatu, vitano. Mgeni kimoja, vinne. Ilikuwa zamu ya mwalimu, na mwalimu aliruhusiwa kuchukua vinne.

"Alikuwa anashinda," alisema.

"Kila mmoja alikuwa anashinda," alisema Kawsar. "Mwalimu ya tano, huyu mgeni ya nne."

Inspekta aliuliza kama yawezekana mgeni hakuambiwa sheria mpya. Kawsar alitikisa kichwa. Kabla ya mchezo Mwalimu alitaja sheria, mwenzake akairudia kwa mdomo wake, wakapeana mikono, hata kama ni mtoto wa darasa la nne. Hakuwahi kuiruka hatua hiyo. Kulikuwa na desturi nyingine pia: anayeona ameshindwa hugeuza kizibo kimoja tumbo juu na kuandika kwa nini ameshindwa, kwa sababu hakuna haja ya kuchosha mkono wakati kichwa kimeshafika. Wavinya alikagua picha kwa kioo cha kukuzia. Vizibo vyote kumi na vinane vilikuwa kifudifudi. Hakuna aliyedhani ameshindwa.

Swali la mwisho alilouliza lilikuwa kama kuna mtu mwingine, nje ya darasa, aliyefundishwa ule mchezo wa zamani. Kawsar alisema Mwalimu aliwakataza. Unaweza kumchezesha mtu, alikuwa akisema, lakini usimpe siri. Ukimpa mtu jibu umemnyang'anya swali. Yeye hakumpa mtu. Kwa wengine hakujua.

Njiani wakirudi kwenye gari la kituo, Willis alitafuta pa kushika. Labda Adongo alicheza ovyo makusudi ili kuwapoteza. Wavinya alimjibu kwamba anayetaka kupoteza polisi huanza kujificha baada ya kosa, na mchezo huu ulichezwa kabla. Muuaji hakuja na silaha. Alikuja akacheza, zamu saba nzima, akiamini kwamba anashinda. Adongo angechukua vitatu zamu ya kwanza, vikabaki kumi na tano, na mwalimu angegeuza kizibo hapo hapo. Walipofika kwenye mzunguko Willis alichukua simu na kuanza kuwapigia wanafunzi mmoja mmoja. Mpaka wanaingia kituoni alikuwa amewapata wote watano waliobaki. Hakuna aliyemfundisha mtu.

Mzee Caleb aliinuka benchini walipopita. Aliuliza kama kuna jipya. Wavinya alisema lipo kidogo, na hakusimama.

Ilikuwa saa saba kasorobo. Adongo aliletwa chumba cha mahojiano, msichana mrefu, viatu bila kamba, chupa ya chai ya baba yake mkononi. Alikuwa hajainywa. Wavinya alimweleza kwamba saa nane gari litaondoka, na kwamba hati ya mashtaka itakuwa na jina lake isipokuwa kama kuna sababu ya kuliondoa. Akamsogezea karatasi, kalamu, na ile picha, ambayo hadi hapo hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

"Thibitisha kwamba si wewe," alisema. "Kama Mwalimu alivyotaka."

Adongo aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuandika, kwa sababu kazi hiyo aliijua. Alipiga mstari katikati ya karatasi na kuandika Kwa nini? upande wa kulia. Wavinya alisoma kinyumenyume kutoka ng'ambo ya meza. Dai la kwanza: mgeni aliacha kumi na sita, kumi na viwili, vinane, vinne. Sababu: safu. La pili: mgeni anaijua siri ya mchezo wa vitatu. Sababu: mtu asiyejua hapati nne zote kwa bahati. La tatu: mgeni aliamini anashinda. Sababu: hakugeuza kizibo. La nne: mgeni haijui siri ya tano. Sababu: aliachiwa kumi na tano, kumi na vitano na hakuona hatari. La tano: mgeni si mmoja wa saba wa Jumamosi. Sababu: sote tuliandika ya tano asubuhi.

Angeweza kuishia hapo. Jina lake lilikuwa limeshatoka. Lakini Mwalimu hakuwafundisha kuishia pale panapowafaa, na kalamu iliendelea yenyewe hadi mstari wa sita: mgeni alifundishwa siri na mmoja wetu, bila kuelezwa sababu.

Hapo ikasimama.

Wavinya alingoja. Mvua ilikuwa imezidi, na maji yalichuruzika mahali fulani nyuma ya ukuta. Alikuwa ameshaelewa, labda tangu kwenye gari, na hakujipenda kwa kumwachia msichana afike pale kwa miguu yake. Kulikuwa na kufuli lile la saa kumi. Mzee hakudanganya ili kumpa bintiye ushahidi. Alidanganya ili aonekane alikuwa nyumbani.

"Wenzako wote sita wamesema hawakumfundisha mtu," alisema taratibu.

Adongo aliifunika karatasi kwa kiganja. Alizungumza akiitazama chupa ya chai. Walizaliwa pacha, alisema, yeye na Apiyo. Apiyo alifariki mwaka juzi, homa ya siku nne. Baada ya mazishi baba aliacha kuzungumza. Walikuwa wanakaa jikoni jioni nzima, wawili, na hakuna neno. Ndipo alipoleta vizibo.

"Aliniuliza achukue ngapi, nikamwambia," alisema. "Alikuwa anafurahi akinifunga. Sikumwambia kwa nini. Nilikuwa nataka tu aongee."

Hakulia. Aliuliza kama ni lazima amalize. Wavinya alimwambia si lazima, na kwa kweli sheria haikuwa na haja na karatasi ile. Alimwambia Willis afungue kitabu cha matukio, aandike kwamba mshukiwa ameachiliwa, na amrudishie kamba za viatu. Kisha akatoka.

Mzee Caleb alisogea kumpa nafasi kwenye benchi. Wavinya aliketi. Alimwonya kama inavyotakiwa, kwamba halazimiki kusema neno na atakalosema laweza kutumika, na mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliye kanisani. Inspekta alitia mkono mfukoni, akatoa vizibo vya Burma, akapanga vinne baina yao juu ya mbao. Hakuwa amemtajia idadi. Wala picha ile mzee hakuwahi kuonyeshwa.

"Ni zamu ya mwalimu," alisema. "Anachukua vingapi?"

Mtu aliyefundishwa jikoni Tassia angejibu kimoja, au viwili, au vitatu. Mzee Caleb aliviangalia vile vinne.

"Alichukua vyote," alisema. "Aliweka kiganja juu ya vyote vinne, akatabasamu."

Wavinya alijua kwamba maneno ya benchi hayana uzito mahakamani, na kwamba mzee atatakiwa kuyarudia mbele ya afisa mwingine mwenye cheo kikubwa zaidi. Lakini yalikuwa yameanza kutoka na hakuyazuia. Mzee alikuwa amemfuata bintiye Jumamosi hadi Buruburu, akamwona akitoka akifuta macho, akaingia yeye. Alimwomba mwalimu awaandikie watu wa ng'ambo kwamba mtoto haji. Mwalimu akasema uamuzi ni wa Adongo. Ndipo mzee akasema basi wacheze, na akishinda, barua iandikwe. Mwalimu alikataa kumfanya mtoto wa mtu dau la mchezo, lakini alisema wanaweza kucheza huku wakizungumza, maana watu wawili wakicheza hasira hupungua. Akamwambia kwamba siku hizi ni hadi vinne. Akamtaka arudie.

"Nilirudia," mzee alisema. "Nilidhani haidhuru. Kila nikiacha ile hesabu ya Adongo, nilijua namrudisha nyumbani. Nilipoacha vinne nikasimama. Nikamwambia andika barua. Yeye akatabasamu, madam. Nikaona amenichezea. Huyu mtoto ndiye aliyebaki."

Alimsukuma mara moja tu. Siku mbili alikaa benchini akijiambia kwamba hawawezi kumfunga asiye na kosa, kwamba saa ijayo watamwachilia, na kila saa ilipofika mdomo wake ulikataa kufunguka. Wavinya alitamani kumchukia kwa siku hizo mbili. Alimwona tu amezeeka.

Mlango wa ndani ulifunguka. Adongo alitoka na kamba za viatu mkononi, hajazifunga. Nyuma yake alisimama Willis na pingu, asijue azipeleke wapi. Hakuna aliyehitaji kumwambia msichana kilichosemwa. Alivitazama vizibo vinne kwenye benchi, kisha akamtazama baba yake.

Mzee hakuinua macho. Aliuliza kwa sauti ndogo, na hakuwa akimuuliza inspekta. "Ningeanza na ngapi?"

"Tatu, baba," Adongo alisema. "Ungechukua tatu, ungemshinda. Alikupa uanze."

Kidole cha mzee kilisogeza kizibo kimoja, kikakirudisha mahali pake. Mwaka mzima na zaidi walikuwa wamecheza jikoni, na hakuwahi kuuliza alichouliza sasa.

"Kwa nini?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika ishirini. Wavinya alisimama kumwachia msichana nafasi, na kwa mkono akamwashiria Willis angoje. Adongo aliketi pale inspekta alipokuwa ameketi. Alivipanga vile vinne kwa mstari, akanyoosha kiganja, na Wavinya akampa kimoja zaidi kutoka mfukoni.

"Tuanze na tano, baba," alisema. "Chukua unazotaka."